Muvi tano za kukodi wikendi hii: ipi uiweke mbele ya nani

Swali la kwanza la jamaa wa maktaba ya muvi, yule anayekuwekea kwenye flash, huwa hili: "Dada, ya kutafsiriwa au ya kawaida?" Ya kutafsiriwa ni ile yenye msimuliaji wa Kiswahili anayeongea juu ya picha. Hajakuuliza unataka muvi gani. Flash za watu zimejaa mezani, Ijumaa jioni ndiyo hiyo, na kila mmoja anataka awahi nyumbani kabla umeme haujafanya mambo yake. Ukimjibu "niwekee yoyote kali", umekwisha. Utarudi na kitu ambacho watu wawili watakifurahia, wa tatu atakoroma kwenye kochi, na mama mkwe ataomba mbadilishe muweke tamthilia yake.

Mimi naanza na sebule, muvi baadaye. Nani yupo? Nani anasoma maandishi ya chini, na nani hayaoni kwa sababu miwani imebaki Tanga? Kuna watoto ambao hawajalala? Kuna mkwe au baba mdogo ambaye, mapenzi yakianza kwenye kioo, itabidi wote mkumbuke ghafla kwamba kuna chai jikoni? Baada ya hapo ndipo naangalia urefu, maana huku kwetu Tabata saa tatu za umeme usiokatika ni bahati ya mtu.

Hizi tano zimepita sebuleni kwetu karibuni. Si mpya, moja ina zaidi ya miaka kumi, lakini maktaba haina habari na tarehe: ambacho hujakiona ndicho kipya. Nimezipanga kwa jozi pale zinapogombania jioni moja. Alama ni zangu, kwa kumi, na anayezipinga aje na zake.

Nairobi Half Life au Supa Modo?

Zote mbili ni za Kenya, na zote zimepitia One Fine Day Films, mradi wa mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer wa kushirikiana na watengeneza filamu wa Afrika Mashariki. Nairobi Half Life (2012) ya David Tosh Gitonga ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kuwania Oscar. Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina nayo ikapelekwa mwaka wake ulipofika. Kwa hiyo anayekuambia za majirani hazina kiwango, mwache na maneno yake.

Ila mtu wa Dar atazipenda kwa sababu nyingine kabisa. Ndani ya kila moja kuna mtu anayeishi kwa kusimulia muvi za wengine. Kwenye Nairobi Half Life, Mwas anauza DVD huko kijijini, na ili watu watoe hela anaziigiza mwenyewe palepale, mapigano na milio yake yote. Kwenye Supa Modo yupo Mike, mwenye ukumbi wa kuonyeshea muvi, anayewasimulia watoto kinachoendelea kwenye kioo kwa mtindo uleule wa DJ Afro, msimuliaji wa muvi wa Kenya. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza vya kuonyeshea muvi, tuliomjua msimuliaji wetu Lufufu kabla ya kumjua Schwarzenegger, hapo hatuhitaji kubembelezwa.

Baada ya kufanana huko, kila moja inashika njia yake.

Mwas anataka uigizaji wa kweli. Anakutana na kundi la maigizo kutoka mjini, anaahidiwa nafasi kama atatoa kitu kidogo, anaibeba ndoto pamoja na mzigo wa binamu yake hadi Nairobi, na siku hiyohiyo ya kushuka kwenye basi anaporwa kila kitu, kisha anaishia mahabusu. Kipande hicho cha mahabusu ndicho kitakachokuambia kama sebule yako inaiweza hii muvi. Mgeni ndiye anayepewa kazi ya kusafisha choo, na choo chenyewe si cha kusimulia wakati watu wanakula. Kamera haigeuki pembeni kukuonea huruma. Mama mkwe alisema "astaghfirullah" akaziba pua kabisa, huku harufu iko Nairobi na yeye yuko Tabata.

Humo humo ndani Mwas anakutana na Oti, na Oti ndiye mlango wa kuingilia kwenye genge la vipuri vya magari. Wanaanza na vidogo vya kung'oa, halafu polepole wanapanda hadi gari zima na bastola. Mkazi yeyote wa Dar aliyewahi kung'olewa saiti mira, kisha akaelekezwa dukani na kuuziwa saiti mira inayofanana mno na yake, ataiangalia sehemu hii kwa hasira ya peke yake. Na bado utawapenda hao wezi. Hilo ndilo lililonifanya niipe alama za juu: haikuachii ukae upande mmoja. Mchana Mwas yuko ukumbini anafanya mazoezi ya igizo na watu wenye Kiingereza chao kizuri, usiku yuko na Oti barabarani. Joseph Wairimu anamcheza huyu kijana kwa macho zaidi kuliko kwa mdomo. Oti, aliyechezwa na marehemu Olwenya Maina, anakuwa rafiki ambaye ungependa kuwa naye na usingependa akujue unapolala. Polisi waliomo wanatisha kuliko wezi. Mwisho sisemi, ila ile kanuni yetu ya mtaani kwamba steringi hafi, usiitegemee kwa kila unayempenda.

Lugha ni Kiswahili cha Nairobi, Sheng na Kikuyu. Mpwa wangu wa sekondari aliifuata bila kusoma hata neno chini, mama mkwe alikosa nusu ya utani. Ina matusi, ina damu, ina mambo ya chumbani. Watoto walale kwanza, na kama wakwe wapo, iahirishe mpaka wapande basi. Alama: 9.

Supa Modo ni ya kinyume chake. Jo ana miaka tisa, ana ugonjwa ambao hautapona, na anapenda muvi za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama yake anamrudisha nyumbani ili siku zilizobaki awe karibu naye, na kama mama yeyote anataka mtoto atulie, asichoke, asitoke. Dada yake Mwix hakubaliani. Anaona mtoto mwenye muda mfupi hafai kufungiwa ndani, na anakiingiza kijiji kizima kwenye mchezo wa kumfanya Jo aamini kwamba nguvu anazo. Kuna mechi ya mpira ambayo Jo anausimamisha muda: kila mtu uwanjani anaganda alivyo, na yeye anapita katikati yao na mpira wake. Watoto wetu walishangilia kama Simba imefunga dakika ya tisini, halafu wakagombana kwa sababu mmoja wao ni Yanga.

Hapo ungedhani umeshaijua muvi yote. Kumbe Jo hakudanganyika, alikuwa anawaangalia tu wakubwa wanavyohangaika. Anachokitaka yeye ni muvi, na yeye ndiye awe steringi wake. Nusu ya pili ni kijiji kinachotengeneza filamu kwa vifaa vya kuokoteza, na humo ndimo Mike msimuliaji anapopata thamani yake. Stycie Waweru, yule mtoto anayecheza Jo, hadekezi uso wake hata mara moja.

Ni dakika 74 tu, na huku kwetu hiyo peke yake ni sifa. Hakuna tusi, hakuna kitanda. Kasoro yake ni kwamba kuna sehemu muziki unakusukuma ulie kabla hujawa tayari, na sipendi kusukumwa. Halafu kuna nyumba ambazo nisingeipeleka kabisa: yenye mtoto anayeumwa, au iliyoanua matanga juzi. Alama: 8.

Sasa ipi? Kama watoto wapo macho, hakuna ubishi, weka Supa Modo, na uwe tayari kwa maswali ya kifo kabla ya kulala, maana yatakuja. Kama mko watu wazima wa rika moja, Nairobi Half Life. Usiziweke zote mbili usiku mmoja ukidhani unafaidi. Ya pili itakula hasara ya ya kwanza.

Vuta N'Kuvute au Binti?

Hapa ndipo nyumbani kwetu palichimbika. Zote mbili ni za Tanzania, zote za 2021, na zote zinamhusu mwanamke aliyebanwa kwenye kona. Lakini ukiwauliza watu kumi wa Dar wazipange, utapata mpangilio wa kila namna.

Nianze na mzigo tunaoubeba sisi watazamaji. Watu wa umri wangu tukisikia "Bongo Movie" tunaona kasha la sehemu ya kwanza na la sehemu ya pili yakiuzwa mbalimbali, jumba la Mbezi Beach ambalo haijulikani mwenye nalo anafanya kazi gani, na mlinzi anayefungua geti taratibu mpaka gari liingie lote, lizimwe, na mtu ashuke. Enzi za Kanumba, kabla hajafariki Aprili 2012, tulizikodi mbilimbili na tukazipenda hivyohivyo. Atakayezikalia hizi mbili akisubiri mwendo ule atachukia zote. Geti halifunguliwi hapa.

Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo. Yasmin, binti wa Kihindi wa Zanzibar, anaikimbia ndoa aliyopangiwa. Denge ni kijana wa harakati za kudai uhuru. Katikati yao yupo Mwajuma, anayechezwa na Siti Amina, yule mwimbaji wa taarabu, na kila anapotokea muvi inapumua. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar.

Ni nzuri kuangalia kupita kiasi. Vichochoro vya Mji Mkongwe usiku, taa moja, jasho shingoni, mtu anavuta sigara na hasemi neno. Ila sikiliza ushauri huu kwa makini: usiiweke mchana. Filamu hii imejaa giza la makusudi, na ukiiangalia saa nane mchana kwenye sebule ambayo pazia lake ni jepesi, nusu ya muda utakuwa unajiangalia mwenyewe kwenye kioo. Tuliisimamisha, tukaiweka tena usiku taa zimezimwa, ikawa muvi nyingine. Sauti nayo usiiachie spika za TV. Ungeni sabufa, kwa sababu nusu ya hadithi iko kwenye muziki.

Mwendo wake ni wa polepole, na si kila anayelalamika hapo ni mshamba. Kuna sehemu ambazo ukimya unasema kitu, na kuna sehemu ambazo ukimya ni ukimya tu. Denge namwona kama picha ya mwanaharakati zaidi kuliko mtu. Maneno anayo, lakini sikumjua anacheka vipi. Yasmin na Mwajuma niliwajua.

Kuna kundi moja nalionya kabisa: wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaosoma riwaya hiyo, wenye wazo kwamba filamu ya saa moja na nusu itawaokoa na kurasa. Haitawaokoa. Kitabu kinampitisha Yasmin kwenye ndoa ya mzee Raza, kinampeleka Mombasa, kinamrudisha Unguja, kina watu wengi na safari nyingi. Filamu imechukua uzi mmoja wa mapenzi na uhuru, ikauvuta huo. Mpwa wangu aliyekuja na daftari alilifunga mapema. Aliyemaliza kitabu ndiye atakayeifaidi, kwa sababu atajua nini kimeachwa na atakuwa na la kubishana.

Kiswahili chake ni cha Unguja, kimetulia, na hapa mama mkwe ndipo alipopata haki yake. Alikuwa anarudia baadhi ya sentensi kwa sauti ndogo, ameridhika. Mapenzi ya Denge na Yasmin yanaonyeshwa kwa karibu, kwa hiyo chai ya jikoni iandaliwe. Alama: 8 usiku, 5 mchana, na sitanii.

Binti ya Seko Shamte haina shida ya mwanga wala ya mwendo. Ni Dar ya sasa, wanawake wanne, kila mmoja na sura yake ya hadithi: Tumaini, Angel, Stella na Rose. Ndiyo filamu ya kwanza ya Tanzania kuingia Netflix, na watu wengi waliijua kwa habari hiyo kabla ya kuiona.

Tumaini ana biashara yake ndogo na deni linalomfuata. Hapo hakuna wa kuelezwa kitu katika mji huu. Kila mtaa una mama aliyechukua mkopo wa kausha damu asubuhi, na jioni anazima simu. Nilipenda kwamba filamu haimpi Tumaini hotuba. Inamwonyesha akihesabu, akipanga, akijifanya mzima mbele ya watu. Angel anajiandaa na harusi, na mwanamume anayemwoa ana mkono mwepesi. Sura yake ndiyo iliyoninyamazisha, kwa sababu tunajua vikao vya harusi vya Dar vilivyo: kamati imeshakaa, michango imeshakusanywa, ukumbi umelipiwa, na ni nani atakayesimama kwenye kikao aseme bwana harusi anapiga? Stella anatafuta mtoto. Ilipofika sura yake, baba watoto alianza kuangalia simu, na wanawake wote sebuleni tulimwona anavyoangalia simu. Rose, anayechezwa na Godliver Gordian, naye ana mzigo wake ndani ya ndoa, na Godliver anaubeba bila kupiga kelele.

Kasoro iko kwenye huo mgawanyo wenyewe. Kila hadithi inapopata moto, inakatwa, unahamishiwa kwa mwanamke mwingine na kuanza upya kumjua. Kwa Angel nilitaka nusu saa zaidi. Na kuna sehemu picha imekuwa safi mno, Dar isiyo na vumbi wala mwenye bodaboda anayekupigia honi mgongoni. Alama: 7 kama muvi. Lakini kama lengo la jioni ni watu kuongea, hakuna inayoikaribia kati ya hizi tano. TV ilizimwa, na dada zangu wakabaki kwenye mkeka wanaongea mambo ambayo hatujawahi kuyaongea mbele ya mama mkwe, na mama mkwe ndiye aliyeongea zaidi.

Nikilazimishwa kuchagua moja, kwa uzuri wa filamu ni Vuta N'Kuvute. Kwa jioni ya kina dada, Binti, na wanaume wakaribishwe ila wasiachiwe rimoti.

Neno moja kuhusu hizi mbili na flash. Za Wamarekani na Wahindi sina mdomo mtakatifu, kila mtu Dar anajua maktaba zinavyofanya kazi. Lakini filamu ya Kitanzania ikichomwa kwa jero, aliyeitengeneza hapati hata senti kumi, kisha sisi haohao tunauliza kwa nini hawatengenezi nyingine. Kwa hizo mimi natafuta njia ya halali, hata kama ni kwa kujibanza kwenye akaunti ya shemeji.

RRR: ya kutafsiriwa au ya kawaida?

Hii haina mpinzani kwenye orodha, mpinzani wake ni yenyewe. RRR (2022) ya S. S. Rajamouli ipo maktaba kwa sura mbili, na ni muvi mbili tofauti kabisa.

Kwa ambaye bado: India ya miaka ya 1920, chini ya Waingereza. Mke wa gavana anampenda mtoto wa kijijini kwa sauti yake ya kuimba, anamchukua, na kumrushia mama yake sarafu. Bheem anatoka msituni kwenda Delhi kumrudisha. Raju ni askari wa Waingereza aliyepewa kazi ya kumkamata mtu huyo asiyejulikana. Wanakutana bila kujuana, wanakuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Namna wanavyokutana ndiyo kipimo cha kama muvi hii ni yako: treni inawaka moto darajani, mtoto yuko mtoni, mmoja ana farasi, mwingine pikipiki, kamba moja, na wanaruka daraja kila mmoja upande wake. Kama hapo unaanza kuuliza "inawezekanaje?", rudisha flash, nenda kaangalie taarifa ya habari. Baadaye kuna lori linalofunguliwa kwenye sherehe ya gavana na wanyama wakali wanamwagika kwenye bustani, na Bheem anaruka pamoja nao. Sebule yetu ilisimama.

Watu hao wawili waliishi kweli, Alluri Sitarama Raju na Komaram Bheem, wote walipambana na watawala wa wakati wao, lakini urafiki huu ni wa kubuni. Usiende kumjibia mtoto mtihani wa historia.

Mji huu na muvi za Kihindi ni mambo ya zamani. Wazee wetu waliziangalia wakiwa ndani ya magari pale Drive-In, kiwanja ambacho leo kina Ubalozi wa Marekani. Walikuwa hawajui Kihindi, hawakuwa na msimuliaji, na waliimba nyimbo zake mpaka leo wanaziimba. Hoja hiyo aliitoa baba mdogo, na ndiyo hoja bora niliyoisikia ya kuchukua ya kawaida.

Ya kawaida inakupa muziki mzima. Wimbo wa Naatu Naatu, ulioshinda Oscar mwaka 2023, unachezwa na hao wawili mbele ya jumba ambalo kwenye hadithi ni la Waingereza, lakini walipiga picha Kyiv, kwenye ikulu ya Ukraine, mwaka 2021, miezi kadhaa kabla ya vita. Kila hatua ya mguu unaisikia. Lugha yake ya asili ni Kitelugu, ila iliyotapakaa zaidi huku ni yenye sauti ya Kihindi, ndiyo iliyowekwa Netflix. Kwa sikio letu tofauti ni ndogo, ingawa midomo mahali pengine inachelewa. Gharama yake ni kusoma maandishi ya chini zaidi ya saa tatu, na kwenye TV ya inchi 32 ukiwa umekaa mlangoni, hiyo ni kazi ya mshahara.

Ya kutafsiriwa inakupa msimuliaji ambaye anakaa juu ya kila kitu. Gavana alipata jina la utani ndani ya dakika tano, Raju akaitwa "afande", na mazungumzo ya siasa yakafupishwa kuwa "hapa wanapanga mambo yao". Watoto walicheka mpaka wakalia. Mama mkwe aliifuata hadithi yote bila kuuliza swali hata moja, jambo ambalo halijatokea kwa muvi nyingine yoyote. Lakini Naatu Naatu ulipofika, jamaa aliendelea kuongea juu yake, na wimbo mwingine, ule wa Bheem akichapwa viboko hadharani huku anaimba na kugoma kupiga magoti, ulikatwa wote. Huo ndio moyo wa filamu nzima. Anayeiona hivyo ataondoka na vita vingi na urafiki usioeleweka umetoka wapi. Watoto nao waondolewe au wafumbwe macho hapo kwenye viboko kama mmechukua isiyokatwa, ni damu kweli.

Alama: ya kawaida 9, ya kutafsiriwa 6. Lakini kama mkubwa wa nyumba hasomi maandishi ya chini, chukua hiyo ya sita bila aibu, kisha mwambie jamaa akuwekee na ya kawaida kwa ajili ya nyimbo mbili tu.

Kwenye hiyo RRR kuna jambo la kiufundi. Ikiwa na picha nzuri, faili lake linaweza kuvuka GB 4, na flash nyingi za mtaani zimeumbizwa (zimefomatiwa) kwa mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja la ukubwa huo. Ndipo jamaa anapokuambia "imegoma, dada, nakuwekea nyepesi", unapewa picha ya ukungu, wanyama wa gavana huwatambui chui yupi na swala yupi. Mwambie aikate vipande viwili badala ya kuipunguza, na mkate pale kwenye mapumziko, Wahindi wenyewe wameshakuwekea. Kisha aifungue mbele yako, asogeze mpaka katikati, usikilize kama sauti inaendana na picha. Akikataa kwa sababu ya foleni, flash yako iko mkononi mwake na maktaba ya pili iko mtaa wa nyuma.